Heinkel He 162: Dalili za Ndege Iliyoundwa kwa Pupa, na Pa Kutafutia Chanzo

Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei 1945, kikosi cha JG 1 cha jeshi la anga la Ujerumani kilipoteza ndege 13 za aina ya He 162, pamoja na marubani 10. Zilizodunguliwa na adui ni mbili tu. Kumi ziliangushwa na maradhi yao wenyewe: injini ilizimika, au kiungo kiling'oka angani. Fundi akiletewa kumbukumbu za namna hiyo hapotezi muda kuuliza adui alikuwa na silaha gani. Anauliza mashine inaumwa nini.

Huu ni mwongozo wa karakana: dalili, chanzo, dawa iliyojaribiwa, na kama dawa ilifaa. Tahadhari moja tangu mwanzo. Kwenye ndege hii dalili hutokea sehemu moja na chanzo chake kinakaa kwingine kabisa, aghalabu kwenye karatasi iliyoandikwa kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Kwa hiyo kabla hujafungua kifuniko chochote, weka karatasi hiyo mezani.

Inatoka Wizara ya Anga mjini Berlin, Septemba 1944. Inataka ndege ya kivita yenye injini moja ya jeti aina ya BMW 003, uzito usiozidi kilo 2,000, mwendo wa kilomita 750 kwa saa karibu na usawa wa bahari, uwezo wa kukaa hewani nusu saa, na kupaa ndani ya mita 500. Itengenezwe kwa mbao kadiri inavyowezekana, kwa kuwa alumini imeadimika, na iwe rahisi kiasi kwamba watu wasio mafundi waweze kuiunganisha. Göring, mkuu wa jeshi la anga, aliitaka; Speer, waziri wa silaha, na msaidizi wake Saur waliitaka. Adolf Galland, aliyekuwa mkuu wa ndege za kivita na aliyejua vita vya angani kwa kuvipigana, aliipinga. Kazi akapewa mtengenezaji wa ndege Heinkel, aliyekuwa na michoro ya ndege inayofanana nayo kabatini. Desemba 6, 1944 ndege ya kwanza iliruka. Tangu karatasi hadi angani ilikuwa imepita miezi mitatu.

Umbo lake ndilo litakaloeleza mengi huko mbele: kiwiliwili chembamba cha duralumini (mchanganyiko wa alumini), bawa fupi la mbao juu yake, injini imebebwa mgongoni nyuma tu ya kichwa cha rubani, na mkia wenye mapezi mawili ya mbao pembeni ili moshi wa injini upite katikati.

Dalili: vipande vinabanduka angani

Dalili hii ilijitokeza siku ya kwanza kabisa. Rubani wa majaribio Gotthold Peter alikuwa ameifikisha kilomita 840 kwa saa pale kifuniko cha mguu wa gurudumu la pua kilipong'oka. Akatua salama. Sehemu iliyong'oka ilikuwa ya mbao, na gundi yake ndiyo iliyoachia.

Hapa fundi yeyote angesimamisha kazi. Kifuniko ni kitu kidogo, lakini gundi iliyokishika ndiyo iliyoshika bawa zima. Hata hivyo wageni wakubwa walikuwa wamealikwa kuja kuona, na siku nne baadaye, Desemba 10, Peter alipaa tena kwenye uwanja wa Schwechat, Vienna. Akapita kwa kasi mbele ya watazamaji. Ukingo wa mbele wa bawa la kulia ukabanduka, aileroni (kibawa kidogo cha kuviringishia ndege) ikaondoka nayo, ndege ikajiviringisha na kuanguka. Peter alikufa papo hapo.

Chanzo kiko mbali na Vienna. Wajerumani walikuwa na gundi nzuri sana ya plaiwudi iitwayo Tego, iliyokuja kama karatasi nyembamba ya kupachikwa kati ya tabaka za mbao na kubanwa kwa joto. Ilitengenezwa na kiwanda cha Goldmann mjini Wuppertal, na kiwanda hicho kiliharibiwa na mabomu ya Waingereza. Gundi mbadala iliyotafutwa haraka ilikuwa na asidi, na asidi ile haikuishia kushika mbao, iliitafuna. Kiungo kilitoka kiwandani kikiwa kizima machoni na kikaendelea kuoza ndani, kama nguzo iliyoingiwa na mchwa: rangi inang'aa nje, ndani ni unga.

Usikimbilie kulaumu mbao. Mosquito ya Waingereza ilikuwa ya mbao na ni miongoni mwa ndege zilizofanikiwa zaidi katika vita ile. Linganisha badala yake na Ta 154 ya Focke-Wulf, nayo ya mbao, nayo ya Kijerumani, iliyopata balaa hilohilo la gundi mwaka huohuo wa 1944 na mpango wake ukafutwa. Maana yake taarifa za ugonjwa zilikuwepo nchini kabla He 162 haijachorwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo neno “pupa” linapopata uzito wake. Kosa halikuwa kutojua. Ratiba haikuwa na siku ya kusoma kilichokwisha kujulikana.

Dawa iliyotumika: bawa liliimarishwa, na ndege ya pili ya majaribio, iliyorushwa Desemba 22 na Carl Francke, mkurugenzi wa ufundi wa Heinkel, ikawekewa kikomo cha kilomita 500 kwa saa. Kikomo cha mwendo kinampa mtu nafasi ya kupima akiwa hai, lakini gundi inabaki ileile.

Dalili: ndege haitulii, pua inahangaika, mkia unateleza pembeni

Taarifa za safari za mwanzo zilisema jambo hili waziwazi. Vyanzo ni viwili, na usivichanganye, kwa sababu kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni kitovu cha uzito. Injini yenye uzito wa zaidi ya nusu tani imekaa juu na nyuma. Ndege ya namna hiyo haipendi kubaki katika mkao ilioachwa nao. Pua ikiinuka kidogo inataka kuinuka zaidi. Ongeza na kwamba msukumo wenyewe unapita juu ya kitovu cha uzito: ukiongeza nguvu pua inasukumwa chini, ukipunguza inapanda. Mtu aliyezoea ndege ya rafadha anapaswa kujifunza upya kitu ambacho mkono wake ulikifanya bila kufikiri. Dawa: uzito wa ziada puani, na mkia kupanuliwa kidogo.

Cha pili ni pembe ya mabawa. Mabawa yaliinuliwa mno kuelekea nchani, hivyo ndege ilipoteleza pembeni kidogo ilijibu kwa kujiviringisha kupita kiasi. Dawa sahihi ilikuwa kuchora bawa upya. Lakini viwanda vilikuwa vimekwisha kuanza kutoa mabawa, maana uzalishaji haukusubiri majaribio yaishe. Basi ncha za mabawa zikakatwa na kuwekewa vipande vya alumini vilivyoinama chini kwa nyuzi 55. Mafundi waliviita masikio ya Lippisch, kwa heshima ya mhandisi Alexander Lippisch. Ndege ya tatu na ya nne za majaribio zilipaa nayo katikati ya Januari 1945, na yalifanya kazi. Hii ni dawa pekee katika mwongozo huu ninayoweza kuisifu bila kigugumizi: ya bei rahisi, ya haraka, na ilitibu kile iliyotumwa kukitibu.

Ila jumlisha. Uzito puani, bawa lililoimarishwa, mkia uliopanuliwa. Ndege iliyotakiwa isizidi kilo 2,000 ikafika kama kilo 2,800 ikiwa imesheheni. Kila dawa ilipimwa kwa kilo, na kila kilo ilienda kudai malipo kwenye dalili nyingine, kwenye urefu wa njia ya kupaa na kwenye muda wa kukaa hewani.

Dalili: pua inatikisika risasi zikifyatuliwa

Mizinga miwili ya MK 108 ya milimita 30 ilikuwa mizito mno kwa kiwiliwili chembamba kile. Badilisha, weka MG 151/20 za milimita 20. Ndivyo walivyofanya, na aina ya A-2 ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi. Umepoteza nguvu ya kuangusha ndege ya mabomu kwa mapigo machache, jambo ambalo ndilo lililokuwa sababu ya kuitaka jeti. Lakini pua imetulia.

Dalili: injini inazimika

Jipe muda hapa, kwa kuwa hii ndiyo iliyoua kimyakimya kuliko zote.

BMW 003 huvuta na kushindilia hewa kwa kompresa yenye hatua saba, huichoma pamoja na mafuta katika chumba cha mwako cha mduara, kisha hewa ya moto huzungusha tabo (turbini) moja inayoendesha kompresa ileile. Mambo hayo matatu, hewa, mafuta na mzunguko, lazima yapande na kushuka pamoja. Rubani akisukuma wenzo wa mafuta kwa haraka, mafuta huongezeka papo hapo ilhali kompresa bado inajikongoja kuongeza kasi. Joto linapaa, hewa inakwama njiani, mwali unakufa, au mapanga ya tabo yanaungua. Akiurudisha wenzo kwa ghafla, mafuta yanapungua kuliko hewa, na mwali unapeperushwa.

Injini za leo zina kidhibiti kinachomzuia rubani asiuwe mwali wake mwenyewe. Injini hii ilitegemea mkono. Na mkono wa rubani wa kivita unapoona ndege ya adui nyuma hufanya kitu kimoja: husukuma wenzo wote mbele.

Chanzo cha pili kiko kwenye madini. Tabo inayofanya kazi kwenye joto kali huhitaji chuma kilichochanganywa na nikeli, kromiamu na kobalti, na Ujerumani ya 1944 ilikuwa nazo kidogo mno. Wahandisi wa BMW walitengeneza mapanga yenye uwazi ndani ili hewa iyapooze, ufundi wa kupongezwa kabisa. Hata hivyo chuma kilikuwa kikifanya kazi mpakani mwa uwezo wake, hivyo kosa dogo la wenzo ambalo injini nyingine ingelisamehe, hii haikulisamehe. Injini ilitoa msukumo wa kilo 800, na ilikubali kufika kilo 920 kwa sekunde 30. Sekunde zikiisha, rudisha. Taratibu.

Chanzo cha tatu ni karatasi ileile: injini moja. Me 262, jeti nyingine ya kivita ya Kijerumani, ilikuwa na injini zenye matatizo ya ukoo huohuo, lakini mbili. Moja ikifa rubani alikuwa na nafasi ya kurudi na iliyobaki. Wa He 162 alibaki na bawa fupi, uzito mkubwa mgongoni, na ardhi.

Dawa iliyokuwepo ni mafunzo: wenzo usukumwe polepole, na uamuzi wa kutua ufanywe mapema kwa kuwa injini haitakupa nguvu ghafla ukibadili mawazo. Lakini mwendo wa kutua polepole na kwa mstari ulionyooka ndio ambao marubani wa Uingereza na Marekani walijifunza kuuvizia karibu na viwanja vya jeti. Aprili 19, 1945 He 162 mojawapo ya JG 1 ilipigwa na Tempest, ndege ya kivita ya Waingereza, ikiwa inakaribia kutua. Dawa ya dalili moja ilikuwa sumu ya nyingine.

Dalili: mafuta yameisha na uwanja bado

Si hitilafu. Ndivyo ilivyoagizwa. Nusu saa karibu na ardhi, na katika nusu saa hiyo toa kupaa, kupanda, kutafuta adui, kupigana na kurudi. Angalau marubani wawili wa JG 1 walikufa wakijaribu kutua injini ikiwa imezimika kwa kukosa mafuta. Ndege ndogo yenye bawa dogo haielei kwa upole kama ndege ya kuelea isiyo na injini, na hapo unaona kichekesho kichungu cha mpango mzima: waliokusudiwa kuirusha ni vijana wa Vijana wa Hitler, jumuiya ya vijana ya chama cha Nazi, waliofundishwa kwenye ndege za kuelea.

Ukiwa na tatizo hili, angalia saa kabla ya kuangalia mita ya mafuta.

Dalili: rubani hatoki

Injini iko nyuma ya kichwa na mdomo wake wa kuvuta hewa umefunguka hapohapo. Kuruka kwa miguu na parachuti, kama ilivyozoeleka kwenye ndege nyingine za wakati ule, kungemfikisha rubani ndani ya injini au kwenye mkia. Kwa hiyo He 162 iliwekewa kiti kinachorushwa kwa baruti. Heinkel hakuwa mgeni katika jambo hili: Januari 1942 rubani wa ndege yake ya He 280 alikuwa mtu wa kwanza kujiokoa kwa kiti cha kurushwa, kile cha hewa iliyoshindiliwa.

Aprili 20, 1945 Luteni Rudolf Schmitt alijirusha kutoka He 162 na akapona. Kwa hiyo kifaa kilifanya kazi. Kilichokuwa haba ni kimo. Parachuti inahitaji nafasi ya kufunguka, na injini iliyozimika karibu na uwanja haiachi nafasi. Ukiorodhesha dalili zilizotangulia utaona nyingi zinatokea chini: kupaa, kutua, mafuta kuisha. Kiti kilikuwa dawa ya ajali za juu, na ndege iliumwa zaidi chini.

Na kabla ya yote, rubani haoni nyuma. Injini imeziba. Hilo halina dawa, mwambie ageuze ndege.

Dalili: ndege mbili za aina moja hazifanani

Moja inaruka vizuri, ya jirani yake inavuta upande. Kabla hujaandika “uzembe wa mafundi” kwenye kitabu cha matengenezo, jua mafundi walikuwa nani na walifanyia kazi wapi. Ndege ziliunganishwa Rostock, Bernburg, na chini ya ardhi: Mittelwerk karibu na Nordhausen, na katika mgodi wa jasi wa Hinterbrühl nje ya Vienna. Huko chini waliofanya kazi walikuwa wafungwa wa kambi za mateso, Mittelbau-Dora na tawi la Mauthausen, kwa njaa, vipigo na vifo. Mipango ilitaja maelfu ya ndege kwa mwezi. Zilizofika mikononi mwa jeshi ni kama 120, nyingine 200 hivi zilikuwa tayari zikisubiri kuchukuliwa, na mamia yalibaki nusunusu.

Mtu aliyefungwa mnyororo wa njaa akipaka gundi mbovu kwa ratiba isiyowezekana hawezi kuwa ndiye chanzo cha hitilafu. Andika hivyo.

Dalili: rubani mwenyewe

Wale vijana wa ndege za kuelea hawakuwahi kuingia vitani nayo. JG 1 ilikuwa na marubani waliotoka kwenye ndege za rafadha za Fw 190, wengine wazoefu wa miaka, wakiongozwa kwenye mafunzo na watu waliojua kazi. Kwa hiyo kumbukumbu ya vifo iliyotajwa mwanzoni ni ya watu waliokuwa wakijua kuruka. Kila nikisoma kwamba ndege hii ingekuwa hatari kwa adui kama ingepata marubani wa kutosha, huwa najiuliza ni marubani wapi waliobaki kuliko hawa.

Dalili: pezi la mkia linakatika

Nimeiweka mwisho kwa sababu ilionekana wazi baada ya vita, ndege ikiwa mikononi mwa watu wasio na haraka.

Waingereza walizichukua He 162 kwenye uwanja wa Leck, karibu na mpaka wa Denmark, mwanzoni mwa Mei 1945, na kuzipeleka Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege nchini Uingereza, kwa majaribio. Eric Brown, rubani wa majaribio wa jeshi la majini la Uingereza, aliirusha na kuisifu: vidhibiti vyepesi na vinavyotii, ndege nzuri ikiwa mkononi mwa mtu mzoefu. Lakini usukani wa mkia aliushuku. Alijua zimekuwepo ajali za kukatika angani, na onyo likawafikia marubani wenzake kwamba miguu isiukanyage kwa nguvu.

Chanzo unaweza kukifuata ukiishika ndege kwa mkono. Mapezi yako mwishoni kabisa mwa mkia wa mlalo, moja kila upande, na ni ya mbao. Rubani akikanyaga usukani kwa nguvu kwenye mwendo mkubwa, ndege huteleza pembeni, na hewa inalipiga pezi ubavuni. Mzigo wote unabebwa na kiungo cha pezi na mkia. Kiungo hicho kilihesabiwa kwa kilo chache, kikajengwa kwa mbao za 1945.

Novemba 9, 1945, katika maonyesho, Luteni wa anga R. A. Marks alianza kuiviringisha ndege akiwa chini karibu na ardhi. Pezi moja na usukani wake vilikatika. Ndege iliangukia kambi ya Oudenarde huko Aldershot, ikamuua Marks na askari mmoja aliyekuwa ardhini.

Dawa: hakuna iliyowahi kufungwa kwenye ndege. Kwenye kitabu cha rubani paliongezwa onyo, na baada ya Aldershot hapakuwa na anayehitaji kulisoma mara mbili.